Nilivyopigwa na jeshi la misukule Mbeya, na nilivyojua kosa lilikuwa wapi

Jumamosi ile nilipoteza mechi ya mchezo wa vita wa mezani ambayo mpaka zamu ya pili nilikuwa naiona ni yangu kabisa, nikatoka nje ya ukumbi pale Forest mikono inatetemeka, baridi ya Juni ya Mbeya mnaijua lakini siku hiyo haikuwa baridi. Nilikaa kwenye ngazi karibu nusu saa naangalia mlima Loleza ulivyofunikwa na wingu, na kichwani lilikuwa linazunguka neno moja tu, dadu. Dadu zimenikataa. Naandika hii kwa sababu naona vijana kadhaa wameanza huu mchezo sahivi na wakipigwa wanasema hivyo hivyo afu hawarudi tena, na mimi nilibaki kidogo sana niwe mmoja wao.

Kwa ambaye hajui, mchezo tunaocheza ni Kings of War, wa kampuni ya Mantic ya Nottingham Uingereza, ulitoka 2010. Mnakuwa wawili kwenye meza ya futi 6 kwa 4, kila mtu na jeshi lake la viumbe wa hadithini, kila kikosi kina bei yake ya pointi (sisi tulikubaliana 1500 kila mtu), unasogeza kwa inchi, unarusha dadu kuona nani kaumia, zamu 6, na ya sita ikiisha unarusha dadu moja, ikija 4 kwenda juu mnaongeza zamu ya saba. Kilichofanya uwezekane kwa watu wa huku ni kitu kimoja, askari hawaondolewi mmoja mmoja. Kikosi kizima kinakaa juu ya kibao kimoja chenye vipimo vyake, cha watu 20 wa miguu ni sentimita 10 kwa 8, cha 40 ni 20 kwa 8, kikiumia unaandika namba pembeni basi. Kwa hiyo mimi sijaagiza midoli yoyote kutoka nje, jeshi langu la mbilikimo wa milimani nimelikata lote kwenye maboksi ya viatu, mikuki ni njiti za kiberiti, ndevu ni pamba niliyochovya kwenye chai ya rangi ikakauka. Miezi minne usiku usiku baada ya kazi. Ndo maana iliniuma vile.

Nilitoka Iringa Ijumaa asubuhi na jeshi kwenye boksi la biskuti nimelipakata mapajani njia nzima, Mafinga, Makambako, Igawa, Chimala, kondakta alitaka kuliweka chini kwenye buti nikamwambia kaka hili haliendi chini hata kidogo, akaniangalia akaniacha. Tulikuwa watu kumi kwenye hayo mashindano, wengine Mbeya mjini, wawili Njombe, mmoja Tukuyu, na huyo wa Tukuyu ndo nilipangiwa naye mechi ya kwanza Jumamosi. Dada mmoja mtu mzima kuliko mimi, mpole sana, anaongea taratibu, kaja na jeshi la wafu. Misukule sitini kwenye kibao kimoja kikubwa, maiti waliofungwa sanda kwenye kingine, mchawi wao nyuma. Kazifunga zile sanda kwa bandeji ya kweli, moja moja, nilimsifia na nilikuwa namaanisha.

Mechi yenyewe ilikuwa ya kushika katikati, yaani mwisho wa mchezo mwenye nguvu kubwa ndani ya inchi 12 kutoka kitovu cha meza ndo mshindi. Nikafurahi moyoni. Mbilikimo wanatembea polepole, inchi 4 tu, lakini wakishasimama mahali kuwatoa ni shughuli, maana ngao zao zinataka dadu ya 5 au 6 ndo uwadhuru. Mpango wangu ulikuwa rahisi, wenye ngao 40 katikati, mizinga miwili kwenye kilima nyuma, mbeba bendera pembeni kidogo, tembea kaa shika. Zamu ya kwanza na ya pili nilipiga mizinga kwenye misukule na ikapiga vizuri, nikafika katikati wa kwanza, nikaanza hata kuwaza mechi inayofuata.

Zamu yake ya tatu misukule wakanivamia mbele. Sawa, nilitegemea, misukule wa mbele hawanitishi. Afu akamchukua mchawi wake. Sasa hapa inabidi nieleze maana ndo kiini cha habari yote. Wafu kwenye huu mchezo ni wazito, hawana mbio za ziada kama majeshi mengine, lakini mchawi wao ana uchawi wa kuwasukuma, anarusha dadu zake na kila dadu inayokuja 4 kwenda juu inakisogeza kikosi cha wafu inchi moja mbele, na kikigusa adui inahesabika kimevamia. Tena huo uchawi unafanyika baada ya kila mtu kumaliza kusogea, wewe ulishaona picha ya meza ukajua nani anafika na nani hafiki, kumbe bado. Wale maiti wa sanda walikuwa wamesimama inchi 4 kutoka ubavuni kwangu, wameelekea upande wangu, na mimi nilikuwa nimewaona kabisa nikasema hawa zamu hii hawavamii, wamegeuka tu wakasimama, wamechelewa. Akarusha. Zilizokuja 4 kwenda juu zikawa tano. Wakaingia ubavuni.

Ubavuni mashambulizi yanazidishwa mara 2, mgongoni mara 3. Alipomaliza kurusha pande zote mbili nilikuwa na madhara 15. Kipimo cha moyo kinapigwa hivi, dadu mbili unajumlisha na madhara, kwenye karatasi yangu wale wenye ngao wanavunjika ikifika 23. Akarusha zikaja 5 na 3. Nane. Ishirini na tatu kamili, haikuzidi hata moja. Kikosi cha watu 40 nilichokikata kwa wembe miezi minne kikaondolewa mezani kwa pamoja, na katikati pakabaki wazi, zamu tatu zilizobaki zilikuwa ni kukusanya maiti tu. Nilimpa mkono, nikasema hongera dada, nikatoka.

Pale kwenye ngazi nilikuwa nimeshapanga kabisa, nitasingizia tumbo, nilale, Jumapili asubuhi nipande basi la kwanza. Kilichonirudisha ndani ni yule dada mwenyewe, alitoka na vikombe viwili vya chai na chapati imefungwa kwenye gazeti akaniambia mdogo wangu kunywa kwanza, afu uje tuirudishe meza ilivyokuwa, mimi nina picha. Kumbe kila zamu ikiisha huwa anapiga picha ya meza kwa simu, kutoka juu, amesimama kwenye kiti. Sikuwa na hamu hata kidogo lakini mtu mzima kakuletea chai utakataaje.

Tukairudisha. Dakika kama ishirini, zamu ya pili ilivyoisha, kila kikosi mahali pake kwa kuangalia picha. Afu akaniuliza maswali mawili tu. La kwanza, hapa kutoka ubavuni kwako mpaka kwa maiti wangu ni ngapi? Nikapima, 4. Na mchawi yuko wapi? Yuko pale nyuma yao anawaona. Nikanyamaza, maana kwenye huu mchezo kupima ni ruhusa muda wowote, hukatazwi hata kwenye zamu ya mwenzako, na tepu ilikuwa mfukoni mwangu mechi nzima. Nilipima wapi mizinga yangu inafika. Sikupima wapi yeye anafika.

La pili ndo lilinichoma. Akaonyesha mbeba bendera wangu akasema pima kutoka hapa mpaka kwenye kikosi kilichovunjika. Inchi 7. Mbeba bendera anatia moyo vikosi vilivyo ndani ya inchi 6, na kikosi kikivunjika kikiwa ndani ya hizo inchi 6 adui analazimika kurusha upya. Inchi moja. Nilikuwa nimemweka pembeni karibu na kilima kwa sababu nilitaka aonekane vizuri kwenye picha, nimempaka rangi mpya wiki ile, sababu ya kweli ni hiyo na nilimwambia.

Tukaanza kupiga hesabu kwenye nyuma ya karatasi yangu. Dadu mbili zina njia 36 za kuangukia, na njia zinazoleta 8 kwenda juu ni 15. Yaani mwenzangu alihitaji 8 na alikuwa na nafasi 15 kwa 36, karibu nusu, hiyo sio bahati mbaya ya kumlilia mtu. Bendera ingekuwa ndani angetakiwa kupata 8 mara mbili mfululizo, 15 kwa 36 mara 15 kwa 36, inakuja kama nafasi 17 katika 100. Nilizirudia hizo namba mara tatu. Nusu saa nzima nimekaa nje nazilaumu dadu na dadu zilikuwa zimefanya kazi yake ya kawaida kabisa.

Wakati tunahesabu akaja mzee aliyekuwa anasimamia mashindano, mwalimu mstaafu, nikamwamkia shikamoo akasikiliza kidogo afu akaniuliza, kijana wangu wewe si mtu wa Iringa? Nikasema ndiyo. Akasema Zelewski alipigwaje pale Lugalo? Kwa kweli nilihisi kama nimemwagiwa maji. Mtoto wa Iringa hiyo unaimeza ukiwa darasani na mnara tulipelekwa na shule kuuona, 17 Agosti 1891 Wajerumani wanatembea kwenye mstari mrefu, wana bunduki za rashasha na mizinga, Wahehe wa Mkwawa wanawatokea kwenye vichaka kutoka ubavuni na jeshi lile linaisha na kamanda wao Zelewski mwenyewe anakufa pale pale. Na mimi na mizinga yangu miwili kilimani nikawapeleka watu 40 katikati bila mtu wa kulinda ubavu. Sijawahi kuielewa Lugalo kama nilivyoielewa kwenye ile meza.

Usiku nililala kwa binamu yangu Mwanjelwa, yaani kulala ni kusema tu, nilikaa na karatasi mpaka saa sita. Sikubadilisha jeshi, hairuhusiwi mashindano yakishaanza, nilibadilisha mahali pa kuwaweka. Mbeba bendera nikamrudisha nyuma katikati ya vikosi viwili, na nikakata kijiti chenye urefu wa inchi 6 kamili nikakifunga na uzi kwenye kibao chake ili nisiwe na kisingizio cha kusahau. Kile kikosi kidogo cha watu 10 ambacho Jumamosi nilikuwa nakitembeza tu huku na kule nikakiweka ubavuni kwa wenye ngao, kimepinda kidogo kuangalia nje, ili atakayetaka ubavu aanze nacho. Na kila kabla sijasogeza chochote nikawa napima kwanza adui anafika wapi, mwendo wake mara mbili kwa kuvamia, na kama ana mchawi wa kusukuma naongeza inchi za dadu zake. Inakula muda jamani, sisi tulikuwa na dakika 60 kila mtu kwenye saa ya simu, na Jumapili asubuhi zamu mbili za mwisho nilicheza mbio mbio mpaka nikasahau kupiga mzinga mmoja.

Hiyo ya asubuhi tulitoka sare na kijana mmoja wa Njombe mwenye jeshi la elves, wale watu wa hadithini wenye masikio ya ncha, wanaokimbia balaa. Ya mchana nilishinda. Kwenye ya mchana kikosi changu kilivunjika kweli zamu ya nne, jamaa akawa ananyoosha mkono akiondoe, nikaweka kile kijiti mezani, bendera ndani ya inchi 6, arushe tena. Akarusha, ikaja 5, wakabaki wamesimama. Nilishika kingo ya meza kwa mikono yote miwili.

Nikamaliza wa sita kati ya kumi. Yule dada akawa wa pili, alifungwa mechi moja tu na yule aliyechukua ubingwa, na mara tu baada ya kufungwa nilimwona kapanda kwenye kiti na simu, anamwomba mpinzani wake dakika ishirini.

Basi la kurudi niliomba kiti cha dirishani. Tulipofika Makambako na ule upepo wake watu wakashuka kununua mahindi, mimi nilibaki nafungua boksi kuangalia kama kuna aliyevunjika, mmoja tu, mkuki. Sahivi nina picha za kila zamu za mechi tatu nilizocheza tangu hapo, nazihifadhi kwenye simu kwa tarehe, na dada wa Tukuyu tumeshakubaliana atakuja Iringa Desemba shule zikifungwa. Fundi seremala wa hapa Kihesa nimeshampa vipimo vya meza, futi 6 kwa 4, kanipokea nusu ya hela na kasema Jumatano niende kuchukua.