Barua za mabaharia wa Galatée

Mwanzoni mwa mwaka 1758, wake, wazazi, ndugu na wachumba wa mabaharia wa Kifaransa walikuwa wakiwaandikia barua watu wao waliokuwa ndani ya manowari iliyoitwa Galatée. Vita vya Miaka Saba vilikuwa vimepamba moto, Ufaransa na Uingereza zikipigana nchi kavu na baharini, na waliobaki nyumbani hawakuweza kujua kwa hakika meli ile ingetia nanga wapi na lini. Posta ya Ufaransa ilizipokea barua hizo ikazisafirisha bandari moja baada ya nyingine, lakini kila zilipofika, meli ilikuwa imekwisha kung'oa nanga. Mwezi wa Aprili, Galatée ikiwa safarini kutoka Bordeaux kwenda Quebec, ilikamatwa na meli ya kivita ya Waingereza, Essex, ikapelekwa Portsmouth. Mabaharia wakafungwa, meli ikauzwa. Habari hizo zilipoifikia posta ya Ufaransa, iliziona barua zile bado zina wenyewe, ikazituma Uingereza ziwafuate huko huko kifungoni.

Huko ndiko safari yake ilikokatika. Barua zilikabidhiwa makao makuu ya jeshi la majini jijini London, ambako inaelekea maofisa walifungua mbili ili kuona kama zina habari yoyote ya kijeshi. Walipokuta ni mambo ya kifamilia, waliziweka zote stoo. Zilikaa zaidi ya miaka 250, mpaka Renaud Morieux, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Cambridge, alipoomba kuliangalia kasha lenye barua hizo katika Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka iliyoko Kew, London. Ndani yake alikuta mafungu matatu yaliyofungwa kwa utepe, barua ndogo ndogo ambazo bado zilikuwa na lakiri. Aliuliza kama zinaweza kufunguliwa, akakubaliwa. Utafiti wake ulichapishwa mwaka 2023, nao unahusu barua 104.

Nimeusoma mkasa huu mara nyingi, na linaloniuma zaidi ni kwamba sioni mzembe wa kumlaumu katika sehemu kubwa ya safari ya barua hizo. Sisi tumezoea kudhani kuwa barua ikipotea, yuko mtu aliyeitupa, aliyeiiba au aliyelala kazini. Hapa tunawaona watumishi wa posta waliofanya zaidi ya walivyopaswa, wakaifuata meli kutoka bandari hadi bandari, kisha wakawafuata mateka hadi nchi ya adui katikati ya vita. Barua zilivuka bahari na kufika nchi ileile walimofungwa wenyewe. Kilichokosekana ni ofisa mmoja wa kuona kwamba maneno ya mama kwa mwanawe yanastahili kumfikia ingawa hayana siri ya vita.

Kati ya barua zote, za Marguerite ndizo zilizonigusa kuliko nyingine. Alikuwa mwanamke wa Normandy mwenye umri wa miaka 61, na mwanawe, Nicolas Quesnel, alikuwa baharia wa Galatée. Katika barua ya tarehe 27 Januari 1758 anamlaumu kijana kwamba yeye humfikiria mwanawe kuliko mwanawe anavyomfikiria, lakini hata hivyo anamtakia heri ya mwaka mpya na baraka za Mungu. Anamwambia kuwa ameugua majuma matatu na anajiona yu karibu na kaburi. Anaomba salamu zimfikie Varin, baharia mwenziwe Nicolas, kwa kuwa mke wa Varin peke yake ndiye humletea habari za mwanawe. Hebu fikiria uchungu wa mama anayepata habari za mwanawe kwa jirani! Mchumba wa kijana, Marianne, ambaye inaonekana alikuwa akilaumiwa kwa ukimya ule, naye alimwandikia Nicolas akimtaka amkumbuke mama yake, na baadaye akamweleza kuwa barua moja imefika na wingu jeusi limeondoka nyumbani. Amani hiyo haikudumu, maana tarehe 7 Machi Marguerite aliandika tena, safari hii akilalamika kwamba Nicolas katika barua zake hamtaji baba yake hata kidogo. Huyo alikuwa baba wa kambo, na mtu yeyote aliyekulia katika nyumba ya namna hiyo ataelewa kwa nini jina lile lilikuwa zito kuandikika.

Yaelekea Marguerite hakujua kuandika, na alimtamkia mtu mwingine maneno yake. Kazi hiyo naifahamu, kwa sababu utotoni nilikuwa mwandishi wa bibi yangu. Alikaa kwenye mkeka, akatazama pembeni, akaanza kuzungumza na mwanawe kana kwamba yuko mbele yake, nami nikijitahidi kuyawahi maneno kwa kalamu. Nilianza kama tulivyofundishwa shuleni, kwamba sisi huku ni wazima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako wewe uliye mbali na upeo wa macho yetu. Bibi aliyakubali maneno hayo kwa kuwa yalikuwa ya heshima, kisha akaingia kwenye yake: ng'ombe, deni la duka, na kwa nini mjomba hakuwa ameandika tangu mavuno. Lawama kali alizitamka mbele yangu bila kusita, na watu wote wa nyumbani wakazisikia. Kwa hiyo ninapoisoma lawama ya Marguerite, namwona pia yule aliyeshika kalamu, na majirani waliosimama mlangoni.

Morieux anaonyesha kuwa barua hizi zilikuwa za watu wengi kwa pamoja. Kwa kuwa karatasi ilikuwa ghali, waandishi walijaza kila nafasi, bila nukta wala herufi kubwa, na yeye alitumia miezi kadhaa kuzisoma. Familia moja ilitia ndani ya barua yake salamu za familia nyingine, na wengine walituma nakala ya barua ileile kwenye bandari tofauti, wakitumaini kuwa mojawapo ingefika. Asilimia 59 ya barua zilitiwa saini na wanawake. Watu hawa hawakuitegemea njia moja tu, kwa sababu walijua bahari na vita vinaweza kumeza barua yoyote. Kwetu nako, barua ya maana ilikabidhiwa msafiri au kondakta wa basi, ikaandikwa juu yake kuwa ni ya mkono kwa mkono, hata pale ambapo sanduku la posta la shule au la kanisa lilikuwapo.

Marie Dubosc naye alimwandikia mumewe, Louis Chambrelan, luteni wa meli ile, usiku wa manane, akisema angeweza kukesha akimwandikia na kwamba yeye ni mke wake mwaminifu daima. Alifariki mwaka uliofuata huko Le Havre, karibu kwa hakika kabla mumewe hajaachiwa. Louis alirudi Ufaransa salama, akaoa tena mwaka 1761.

Mwaka huo wa 1758 peke yake, Ufaransa ilikuwa na mabaharia 60,137, na 19,632 kati yao walikuwa mateka nchini Uingereza. Ni takriban mmoja katika kila watatu. Nikiziweka barua 104 kando ya idadi hiyo, naona ni tone tu la maneno yaliyokuwa yakiwatafuta watu hao. Wapo watakaosema kuwa si adabu kusoma barua za mapenzi za marehemu, na mimi naiheshimu hoja hiyo. Lakini nadhani Marguerite, ambaye maneno yake tangu mwanzo yalipitia kinywani hadi kwenye kalamu ya mtu mwingine, asingeona haya kusikilizwa.

Nicolas alitoka kifungoni akiwa hai. Miaka ya 1760 akajiunga na mabaharia wa meli iliyofanya biashara ya watumwa kuvuka Atlantiki. Sikuwa nimejiandaa kulisoma hilo baada ya kumhurumia kiasi kile. Nimezirudia barua za mama yake nikiwa na habari hiyo kichwani, na huruma yangu kwa Marguerite haijapungua. Kwa Nicolas siwezi kusema hivyo, kwani kijana aliyekuwa na mama, baba wa kambo na mchumba wakililia habari zake alikwenda kuhudumu katika meli iliyowatenga watu na mama zao kabisa, bila posta ya nchi yoyote iliyofikiria kuwafuata.