Moto wa Melita

Somo: Matendo 27:1–3, 42–44, 28:1–10

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Watu 276 wanatoka baharini wameloa chapachapa, wengine wameng'ang'ania mbao za merikebu iliyovunjika. Mvua inanyesha, baridi inauma. Kati yao wamo wafungwa wanaopelekwa Rumi, akiwamo mtume Paulo, na muda mfupi uliopita askari walitaka kuwaua wasije wakatoroka. Wenyeji wa Melita, kisiwa kinachoitwa Malta leo, wanakoka moto na kuwakaribisha wote, wafungwa kwa askari. Luka, mwandishi wa Matendo, haandiki kwamba kuna aliyeulizwa kwanza yeye ni nani.

Tumezoea kufundishana wema kama kitu kinachotoka kwetu kwenda kwa watu wa nje. Safari hii inageuza mambo. Kule Sidoni, mwanzoni mwa safari, akida wa Kirumi, Yulio, alimruhusu Paulo aende kwa rafiki zake wamtunze. Yulio huyohuyo ndiye aliyewazuia askari wasiue. Kisha watu wa Melita. Mtume anapokea fadhili za watu wasioijua imani yake, wala haoni haya. Hapo ndipo wengi wetu tunaposhindwa. Jirani asiye wa dini yetu akileta sahani ya chakula, mkono unapokea, moyo unakataa.

Paulo naye hakukaa tu akiota moto, aliokota kuni. Ndipo nyoka akamzinga mkononi, na wenyeji wakamwona mwuaji, halafu walipongoja sana na kuona hadhuriki, wakamwita mungu. Wema wao ulikuwa wa kweli hata kama mafundisho yao yalikuwa yamepinda! Baadaye baba wa mkuu wa kisiwa, Publio, alikuwa kitandani kwa homa na kuhara damu. Paulo akaomba, akamwekea mikono, akapona.

Walikaa huko miezi mitatu, na Luka hatupi hata hotuba moja ya Paulo. Simdhanii Paulo kunyamaza muda wote huo. Ila kilichoandikwa ni moto, kuni, mgonjwa aliyeombewa, na wenyeji wakiwapakilia mahitaji ya safari siku ya kuondoka.

Katika maombi ya wiki hii, tuwataje kwa majina wasio wa kanisa letu waliotukokea moto: muuguzi wa zamu ya usiku, jirani aliyekaa na watoto tulipofiwa, bodaboda aliyekataa nauli tukimkimbiza mgonjwa. Ambao namba zao tunazo, tuwapigie.