Pikseli 38: siku moja maishani mwangu

Saa 1 asubuhi. Kabla sijawasha kompyuta nafungua droo ya simu. Zimo saba, na hata moja si ya kupigia. Mbili zimepasuka vioo, moja inachukua karibu dakika nzima kufungua kivinjari, na hiyo ndiyo ninayoithamini kuliko zote. Nazichomeka chaji zote kwa mpigo.

Kazi yangu ni kuhakikisha tovuti zinakaa sawa kwenye simu na kwenye kompyuta. Nikisema hivyo watu huitikia kwa adabu, kisha huuliza: "Kwani hazijipangi zenyewe?"

Hazijipangi.

Saa 2 nashika tovuti ya zamani ambayo kwenye simu inatokea nzima nzima lakini imenywea, maandishi kama sisimizi. Tabia hii ina historia. iPhone ilipotoka mwaka 2007, kurasa karibu zote zilikuwa zimejengwa kwa ajili ya kompyuta, kwa hiyo kivinjari chake kikawa kinajifanya kina upana wa pikseli 980 (pikseli ni vitone vya kupimia skrini), kisha kinaubana ukurasa mpaka uenee kwenye kioo. Vivinjari vya simu vimebaki na uongo wa namna hiyo mpaka leo, usipoweka ule mstari mmoja wa msimbo unaoviambia vitumie upana halisi wa simu. Nimeuweka. Ukurasa ukaacha kunywea, ukaanza kumwagika: safu tatu zilizokaa kwa raha kwenye skrini pana sasa zinapigana viwiko. Nazipanga upya, safu moja kwenye simu, mbili skrini ikipanuka, tatu kwenye kompyuta. Ndilo wazo ambalo mbunifu wa tovuti Ethan Marcotte alilipa jina mwaka 2010, ukurasa mmoja unaojikunja na kujikunjua kufuata skrini, badala ya kujenga tovuti mbili. Waliowahi kutunza hizo mbili wanajua adha yake. Unasahihisha anwani huku, kule inabaki ya mwaka juzi.

Saa 3 na nusu, fomu. Kwenye iPhone ukigusa kisanduku ambacho herufi zake ni chini ya pikseli 16, ukurasa unaruka na kujikuza wenyewe. Dizaina wetu anapenda 14. Nimeweka 16, tumenuniana kidogo, tumeendelea.

Saa 4 na dakika 20 ukaingia ujumbe wa mzee.

Mzee ni mteja ambaye tovuti yake tulimkabidhi mwezi uliopita. Ni mtu mwema, na ni mwema kwa urefu. "Mwanangu," aliandika, "tovuti imevunjika. Upande wa kulia pana weupe. Nikiisukuma inacheza kama mlango mbovu."

Nikampigia. Shikamoo, marahaba, habari za nyumbani, habari za kazi, habari za mvua. Kisha nikauliza: "Mzee, kuna kitu chochote umebadilisha?"

"Sijagusa kitu."

Nikaomba skrinishoti. Ikaja picha ya simu yake iliyopigwa kwa simu nyingine, kidole gumba kikiwa kimefunika ile sehemu yenye weupe. Nikaomba tena. Safari hii ilikuwa video, na ndani yake namsikia akimweleza mtu pembeni kwamba hawa vijana wa kompyuta ni wazuri ila hawamalizi kazi.

Nilichopata ni aina ya simu yake, na kwa bahati iko ndani ya droo yangu. Nikaifungua tovuti. Hakuna weupe wowote, mlango haukuchezacheza. Nikajaribu simu zote saba, nikajaribu kompyuta, nikalivuta dirisha likawa jembamba na kulirudisha. Kimya.

Mtu anayelalamika kosa ambalo wewe hulioni anakuweka mahali pabaya. Unaanza kumshuku yeye, na kwa uzoefu wangu mara nyingi yeye ndiye yuko sahihi.

Nikakizungushia kila kipande cha ukurasa mstari mwekundu. Ni mbinu ya kishamba lakini hainiangushi, maana kinachochomoza nje ya ukingo hujionyesha chenyewe. Na kweli, kwenye kompyuta kikachomoza kitu. Picha ya juu ilikuwa imeamriwa ienee asilimia 100 ya upana wa dirisha, na amri hiyo haijali upau wa kuskrolia. Upau ukiwepo pembeni, picha inazidi kwa unene wa upau huo. Nikafurahi, nikarekebisha, nikamwambia mzee tayari. Moyoni nilijua hilo ni kosa la kompyuta, kwa sababu kwenye simu upau huelea juu ya ukurasa na haumnyang'anyi mtu nafasi. Lakini ilishafika saa 7 mchana, na saa hiyo mtu huamini anachotaka kuamini.

"Bado," akajibu mzee.

Dizaina akapita nyuma yangu akasema nikate tu. Ipo amri ya kuficha chochote kinachozidi pembeni. Ungeiweka, weupe ungetoweka, na kile kilichousababisha kingebaki kimekatwa mkono bila mtu kujua. Mficha maradhi, kilio humfichua. Nimewahi kurithi tovuti iliyofichwa hivyo, na kilichokuwa kimekatwa ni kitufe cha kutuma fomu.

Baada ya hapo sikuangalia saa tena.

Nilichofanya ni hiki. Nikaandika ukurasa mtupu wenye tarakimu moja kubwa katikati, ambayo ni upana wa skrini kama kivinjari kinavyouona. Kwenye simu ya droo ilisoma 360. Nikamtumia mzee kiungo, nikampigia.

"Unaona namba gani?"

"Mia tatu na ishirini."

"Soma tena, mzee."

"Mwanangu, mimi nilifundisha hesabu miaka mingi. Mia tatu na ishirini."

Simu ile ile, kioo kile kile, pikseli 40 hazipo. Nikamuuliza kama amewahi kubadili mipangilio ya skrini. Hajagusa kitu. Kimya kidogo. Kisha: "Labda mjukuu. Alinikuzia ili nisome bila miwani."

Basi. Mjukuu hakukuza herufi peke yake, alikuza skrini nzima. Kila kitu kikiwa kikubwa, kivinjari nacho hujihesabia upana mdogo zaidi, na 360 ikawa 320. Hapo nikaona aibu kidogo, kwa sababu 320 si upana wa ajabu. Miongozo ya ufikivu, yaani ya kufanya tovuti itumike hata na wenye ulemavu, ya W3C, shirika la viwango vya wavuti, tangu toleo la 2018, inataka ukurasa wa kawaida usomeke kwa upana huo bila kuskroli pembeni, na mimi huupima kabla ya makabidhiano. Tovuti hii niliupima. Ilipita.

Nikaweka 320 kwenye kompyuta. Weupe huo hapo. Mstari mwekundu ukanionyesha kichwa cha habari cha katikati, ambacho siku ya makabidhiano kilisomeka "Huduma zetu". Sasa kilisomeka "Tunavyowashughulikia".

Mzee hakuwa amegusa kitu isipokuwa hicho.

Herufi 20, neno moja, kwa maandishi ya pikseli 32. Kwenye 360 lilijipenyeza kwenye nafasi ya pembeni likatulia, jicho halikuliona. Kwenye 320 lilitoka nje pikseli 38. Na siwezi kumlaumu, kwa sababu ni neno zuri na Kiswahili ndivyo kilivyo: nani, vipi na kwa nani vinakaa ndani ya neno moja. Violezo vingi tunavyotumia, yaani miundo ya kurasa iliyo tayari, vimechorwa na watu ambao maneno yao ni mafupi. Kivinjari nacho kinaheshimu neno kupita kiasi. Kitauvunja ukurasa mzima kabla ya kulikata neno pasipo ruhusa.

Nikakipa ruhusa. Kwanza amri ya kuvunja neno likikosa nafasi, ambayo hulivunja popote, hata katikati ya silabi. Kwa hiyo nikatia na kistari fiche baada ya "Tunavyowa", kisichoonekana mpaka kihitajike. Kisha nikaufanya ukubwa wa kichwa uwe unapanda na kushuka kufuata skrini, nikasahau kuweka kikomo cha juu, na kwenye skrini ya pikseli 1920 kichwa kikawa bango la barabarani. Nikaweka kikomo. Nikarudi kwenye simu, nikarudi kwenye kompyuta, nikageuza simu ubavu. Kila unapoziba huku lazima uende ukachungulie kule, na hii ndiyo sehemu inayochosha kuliko kusaka kosa lenyewe. Macho yalikuwa yanawasha. Orodha yangu ya siku ilikuwa na kazi sita, nilikuwa nimemaliza mbili na nusu.

Giza lilishaingia nilipompigia. Akafungua, akasukuma kushoto, akasukuma kulia. "Imetulia," akasema, na kwa sauti ile nikasamehe hata ile video. Akaniombea dua ndefu.

Ninachomoa simu chaji moja baada ya nyingine, ujumbe unaingia. "Mwanangu, nimefikiri lile neno lilikuwa refu mno linawasumbua. Nimebadilisha mwenyewe, nimeweka Tunavyowahudumia."

Kistari changu fiche kimekwenda na neno lake. Nikahesabu kwa vidole: herufi 16. Nikaichomeka tena kompyuta, nikaweka 320, nikafungua ukurasa.