Kisanduku cha barua za mama: mikunjo, mnato na ile pasi iliyoniokoa

Nilipojifunza dekupaji, yaani kupamba kitu kwa kubandika karatasi zilizokatwa juu yake na kuziziba, ushauri ulionikera kuliko wote ni ule wa "paka gundi ya kutosha, usiibanie." Watu watatu waliniambia hivyo, wote kwa nia njema, na wote walinipotezea karatasi na siku nzima nzima za kazi. Ndiyo maana naandika haya kwa yeyote aliyekaa mbele ya kipande cha mbao, brashi mkononi, akiitazama karatasi inavimba na kujikunja asijue kosa liko wapi.

Nilikuwa na kisanduku cha mbao kisicho na rangi, nikataka kuta zake zijae maandishi ya mama na kifuniko kiwe na maua. Barua zenyewe sikuthubutu kuzigusa. Nilizipiga picha, nikazichapisha kwenye printa ya nyumbani, nikakata vipande, nikachanganya gundi nyeupe ya mbao na maji kidogo, mafungu matatu ya gundi kwa fungu moja la maji. Ile ya dukani iliyotengenezwa maalumu kwa dekupaji ni nzuri na haihitaji kuchanganywa, lakini kwa karatasi juu ya mbao, gundi hii ya kawaida imenitosha.

Kipande cha kwanza nilikibandika vizuri. Nikapitisha brashi juu yake ili kukiziba. Mama alikuwa ameandika "Mwanangu mpendwa", na brashi ilipofika kwenye "mpendwa" wino ukaanza kutembea. Herufi zilivuta mikia ya buluu kuelekea kulia, kisha zikayeyuka zote, pakabaki doa kama la mvua dirishani. Niliumia kana kwamba ni barua yenyewe iliyoharibika.

Hakuna aliyekuwa amenieleza kwamba wino wa printa nyingi za nyumbani ni rangi iliyoyeyushwa majini, na gundi hii nayo asili yake ni maji. Printa ya leza haina shida hiyo kwa sababu unga wake huyeyushwa kwa joto na kushikamana na karatasi, kwa hiyo maji hayausogezi. Nilikwenda kutoa nakala zote kwenye mashine ya leza, kazi ya dakika chache na hela kidogo, na tangu siku hiyo hakuna herufi iliyonitembea. Kama huna njia ila printa ya wino, ziache nakala zikauke mpaka kesho yake, kisha zipulizie vanishi ya akriliki ya kopo, mara mbili, nyepesi, mbele na nyuma.

Sasa mikunjo. Hapo ndipo ule ushauri wa gundi nyingi uliponitesa. Karatasi ikinywa maji hutanuka. Ukiibandika ikiwa kavu juu ya dimbwi la gundi, kingo hushika kwanza huku katikati bado inaendelea kutanuka, na kwa kuwa haina pa kwenda, inainuka. Gundi ikizidi, maji yanazidi, na uvimbe unazidi. Ukiingiwa na hofu ukaanza kuisugua kwa kidole, karatasi iliyolowa inachanika papo hapo. Nilichana vipande vinne kabla sijaacha kusugua.

Dawa yake ni kuiacha karatasi itanuke kabla ya kuibandika. Nalowesha kipande kwa sifongo chenye unyevu, nakikausha juu juu kwa kitambaa, napaka gundi nyembamba kwenye mbao na nyembamba mgongoni mwa karatasi, nakilaza. Juu yake naweka kipande cha nailoni, kisha nasukuma kwa ukingo wa kadi ya plastiki kutoka katikati kwenda nje. Gundi iliyozidi hutokea pembeni, naifuta. Viputo vidogo vitakavyobaki usivihangaikie, vingi huzama vyenyewe karatasi ikikauka na kukaza. Nasubiri dakika ishirini hivi kabla ya kupitisha brashi juu.

Kuta zikakubali. Kifuniko kikagoma, maana maua niliyoyapenda yalikuwa kwenye napkini, ile karatasi laini ya kufutia midomo mezani, na napkini ikiguswa na brashi yenye gundi hujikusanya kama ngozi ya maziwa. Kwanza lazima uzitenganishe tabaka zake. Huwa ni mbili au tatu, na picha iko kwenye ile ya juu tu. Ukisahau, tabaka za chini zitaachana baadaye na picha itabanduka. Ile inayobaki ni nyembamba kiasi kwamba unaweza kuona kiganja chako kupitia kwake, ndiyo maana nilipaka kifuniko rangi nyeupe kwanza. Juu ya mbao ya kahawia maua yangefifia kabisa.

Kisha nikafanya jambo ambalo mpaka leo nalisimulia kwa furaha. Nilipaka kifuniko gundi tabaka mbili nyembamba na kuiacha ikauke kabisa, mpaka weupe wote wa gundi ukatoweka. Napkini nikailaza juu ikiwa kavu, nikainyoosha kwa viganja polepole. Nikaifunika kwa karatasi ya kuokea, nikachukua pasi ya nguo isiyo na maji ndani, joto la wastani, nikakandamiza kuanzia katikati, sekunde chache kila mahali, bila kuburuta. Gundi hii ikikauka huwa ni plastiki, na plastiki hiyo hulainika kwa joto kisha hushika tena ikipoa. Nilipofunua karatasi ya kuokea, maua yalikuwa yamelala bapa kama yamechorwa hapo hapo, bila mkunjo hata mmoja! Niliinama nikakitazama kifuniko dhidi ya mwanga wa dirisha, upande huu na upande huu, nikitafuta kasoro. Sikuiona. Napkini iliyoning'inia pembeni niliikata kwa msasa, nikiusukuma kuelekea chini tu, ikadondoka yenyewe.

Baada ya hapo nikafanya haraka, na haraka ikanigharimu. Nilipaka tabaka za kuziba, juu pakawa pakavu kwa kugusa, nikaweka vitabu viwili juu ya kifuniko. Siku mbili baadaye nilipoviinua vilitoa sauti ya plasta inayobanduliwa, na jalada la kitabu cha chini likaacha utepe wa karatasi juu ya waridi. Kukauka kwa kugusa na kukomaa ni mambo mawili. Kukomaa huchukua hadi wiki nne, na hewa ikiwa na unyevu mnato hurudi hata baada ya hapo. Usidanganyike na wanaosema uharakishe kwa kikausha nywele kikali. Juu panafunga ngozi, maji yanabaki chini yake, na unapata ukungu mweupe usiotoka.

Nilikwangua ule utepe kwa msasa laini wa namba 400 uliolowa, nikabandika waridi jingine kwa pasi, na safari hii nikasubiri. Wiki nne zilipoisha nikapaka vanishi ya akriliki ya maji, tabaka nyembamba, nikipiga msasa kidogo kati yake. Vanishi ndiyo iliyoondoa mnato. Mafundi wa Venice wa karne ya 18, waliobandika picha kwenye samani ili zifanane na kazi ghali za laka, ile rangi ngumu inayong'aa, kutoka Mashariki ya Asia, walipaka vanishi tabaka nyingi mno mpaka ukingo wa karatasi ukazama. Mimi nilipaka nane, na kidole bado kinaukuta ukingo kwenye kona moja tu.

Gundi peke yake haihimili maji, kwa hiyo usiifanye sehemu ya mwisho ya kitu kitakachowekewa glasi yenye jasho. Wala usiipake mahali chakula kitakapogusa.

Jambo moja nililigundua usiku. Kifuniko na sanduku vyote vikiwa vimepakwa pale vinapokutana, vikifungwa vinashikana. Nilikwangua midomo yote miwili mpaka mbao ikaonekana, nikaisugua kwa kipande cha mshumaa. Sasa kinafunguka kwa kidole kimoja. Nilikiacha wazi siku kadhaa zaidi mpaka harufu ya vanishi ikaisha, ndipo nikaziweka barua ndani kwa mpangilio wa miaka, ile inayoanza na "Mwanangu mpendwa" ikiwa juu.