Kabla mashine haijawashwa

Moshi, Jumapili jioni

Kwenye mabenchi ya nje ya chumba cha wagonjwa mahututi, pale hospitali ya KCMC na kwingineko, ndugu wakiulizwa kama mgonjwa awekewe mashine ya kupumulia, wengi hujibu, "Daktari, fanyeni kila linalowezekana." Upendo umo, ila uamuzi haumo.

Mashine haitibu, inampumulia mtu wakati ugonjwa unatibiwa. Homa kali ya mapafu, sumu, kijana wa bodaboda aliyeumia kifua: hapo ina maana kubwa. Kwa saratani iliyokwisha kusambaa mwilini, mashine mara nyingi inarefusha kufa tu. Kwa hiyo ulizeni: tunasubiri nini kipone?

Mpira wa mashine hupita mdomoni katikati ya nyuzi za sauti.  Mgonjwa hawezi kusema. Hupewa dawa ya usingizi, na pengine mikono hufungwa asiung'oe. Siku zikisogea, vijidudu hushuka kifuani. Kwenye wiki ya pili huanza mazungumzo ya kutoboa koo ili mpira upite hapo.

Ushauri wetu ni kukubali kwa muda: iwashwe, tukae tena baada ya siku tatu. Moyo ukiwa ulisimama, ubongo hauhukumiwi kabla ya saa 72, maana dawa za usingizi humfanya aonekane ameshaenda kumbe bado. Andikeni kabisa mtakachoangalia: anafungua macho? Oksijeni anayopewa na mashine imepungua kutoka asilimia 80 hadi 40? Anapata mkojo?

Msemaji awe mmoja. Shangazi wa Dar apigiwe siku ya kwanza, asije akalipuka siku ya nne. Swali la kikao ni "Mama mwenyewe angesema nini?" Na bili itajwe mezani, ng'ombe aliyeuzwa kimyakimya huzaa ugomvi baada ya msiba.

Mkikubaliana na madaktari kuitoa mashine, mchungaji au shehe aingie kwanza. Morfini, dawa kali ya maumivu, na dawa ya kutuliza hutangulia, kengele za mashine hunyamazishwa, oksijeni hushushwa, ndipo mpira hutolewa. Anaweza kuondoka kwa dakika chache, au akapumua mwenyewe siku kadhaa, hivyo pangeni zamu za kukaa naye. Akianza kukoroma kooni, mwombeni nesi amlaze ubavu. Sauti ile huwaumiza zaidi walio pembeni kuliko yeye.