Benchi juani: tunachoiga vibaya kutoka ughaibuni

Huku New York, mwezi wa nne ukiingia, watu huota jua bustanini kama mijusi. Benchi la juani hujaa kwanza, la kivulini huachiwa njiwa. Miaka ya 1970 William Whyte, mtafiti Mmarekani wa maisha ya mijini, alikuwa akiwapiga filamu watu wa viwanja vya mji huu ili ajue nani anakaa wapi na kwa muda gani. Jibu lake kuu linakaribia kuchekesha: watu hukaa palipo na pa kukaa. Pia aliona kwamba mtu akipewa kiti kisichofungwa chini, atakisogeza kidogo kabla ya kukaa, hata kama hakuna sababu. Akishakisogeza, kiti ni chake.

Habari ya kiti inafaa Dodoma vilevile. Habari ya jua haifai, na hapo ndipo michoro mingi ya bustani za umma inayoigwa kwenye picha za Ulaya na Marekani inapokwama.

Dodoma iko takriban nyuzi 6 kusini mwa ikweta, na mvua yake ya mwaka hunyesha karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki ni jua, upepo wa upande wa mashariki na vumbi. Mwezi wa sita saa kumi alasiri, watu wanapoanza kutoka kazini, jua liko magharibi na limeegemea kaskazini, kwa hiyo kivuli cha mti huangukia mashariki, kidogo kusini. Benchi liwekwe upande huo, mita tatu hadi tano kutoka shinani. Ukiliweka magharibi kwa sababu linapendeza kwenye mchoro, litabaki tupu mpaka jua lizame, na watu watakaa kwenye ukingo wa maua wakiharibu maua. Utawalaumu bure.

Kimo cha kukalia kiwe sentimita 45. Chuma na marumaru nyeusi viepukwe, maana kwa jua lile vinachoma. Mbao au zege la rangi nyepesi linatosha. Kwa mti, mwarobaini hauna mpinzani: unastahimili ukame na kwa kawaida hubaki na majani kiangazi. Mche upewe ndoo ya lita 20 mara mbili kwa wiki kwa viangazi viwili vya mwanzo, uzungushiwe miiba dhidi ya mbuzi. Miche mingi hufa kwa kuwa bajeti ya maji iliisha na sherehe ya upandaji.

Upepo nao unataka kinga, lakini ua wa majani usizidi mita moja. Bryant Park ya hapa New York ilizungukwa na ua uliozuia macho ya wapita njia, wauza dawa za kulevya wakapata pa kujificha, watu wa kawaida wakaikwepa. Ilifungwa mwaka 1988. Ilipofunguliwa tena 1992 ua ulikuwa umeondolewa, milango imeongezwa, viti vya kuhamishika vimetandazwa na vyoo vinafanya kazi.

Njia za ndani zisiwekewe pevingi mapema. Acha ukoka miezi mitatu, uone unapokufa. Watu wataukata mshazari kutoka kituo cha daladala hadi ofisini, na hapo ndipo pa kujenga, upana wa mita mbili. Kibao cha "Usikanyage majani" hakijawahi kumshinda mtu aliyechelewa kazini.

Kuhusu muuza kahawa na muuza karanga, kuwafukuza ni kosa. Wao ndio wanaompa mtu kisingizio cha kukaa. Wapewe sehemu karibu na mlango, pipa la taka liwe hatua kumi tu kutoka kwao, na limwagwe kabla ya saa kumi na moja jioni, si asubuhi ya kesho yake.

Kabla ya kununua chochote, chukua karatasi uende Nyerere Square, uwanja wa wazi wa Dodoma mjini, siku mbili, moja ya kazi na Jumapili, kila saa kuanzia saa tisa hadi saa kumi na mbili. Chora mahali kila mtu alipokaa, uandike mwanamke au mwanamume, peke yake au na wenzake. Whyte aliwahesabu hasa wanawake, kwa kuwa wao huchagua mahali kwa makini zaidi. Wakipungua, angalia kwanza taa, choo na ua wa majani uliorefuka.