Pangani, mji wenye redio yake

Kutoka Tanga mjini kwenda Pangani ni kilomita hamsini hivi kuelekea kusini, mkonge kwanza, halafu minazi. Katikati ya safari dereva aligeuza masafa bila kuombwa na mtu, ikaingia Pangani FM. Gari zima likanyamaza. Yalikuwa yanasomwa matangazo ya vifo: jina la marehemu, mtoto wa nani, kijiji gani, maziko baada ya swala ya Alasiri. Mama aliyekaa mbele yangu akagonga bodi na kumwambia kondakta, "Nishushe hapo njia panda, baba. Huo msiba ni wa kwetu." Alishuka na kapu lake, akaanza kutafuta bodaboda.

Ningeweza kurudi Tanga siku ileile na bado ningekuwa nimeelewa kwa nini mji mdogo unahitaji redio yake. Stesheni kubwa za Dar es Salaam huitaja Pangani likitokea balaa, au mwandishi akikumbuka kwamba hapa ndipo Wajerumani walipomnyonga Bushiri bin Salim, kiongozi wa vita vya pwani dhidi yao, mwaka 1889. Nani amefariki leo, na anazikwa wapi, hilo haliwahusu.

Redio hii ni ya UZIKWASA, asasi ya hapohapo Pangani inayojulikana zaidi kwa kazi yake ya uongozi na haki za wanawake na watoto. Nilipokelewa vizuri, nikaruhusiwa kukaa kimya pembeni. Kilichonishika ni daftari kubwa la kaunta mezani, limejaa matangazo yaliyoandikwa kwa mkono: mbuzi aliyepotea, mkutano wa kijiji, chanjo ya watoto. Kijana wa zamu alifika kwenye jina ambalo mwandiko wake haukusomeka. Hakubahatisha. Alipiga simu kwa ndugu wa marehemu, akalirudia jina polepole mpaka akaambiwa ndivyo, ndipo akafungua kipaza sauti. Ukikosea jina la maiti katika mji huu, utakutana na wafiwa sokoni kesho yake asubuhi, nao wanakujua wewe ni mtoto wa nani. Uangalifu wa namna hiyo sijauona katika vyumba vya habari vikubwa.

Mchana nilipanda pantoni kuvuka mto kwenda Bweni. Maji haya yanatoka mbali, kwenye miteremko ya Kilimanjaro na Meru, na kadiri yanavyopungua huko juu ndivyo chumvi ya bahari inavyopanda mtoni na kuharibu mashamba ya kandokando. Mzee mmoja pantonini alinieleza hayo kwa uchungu. Anataka redio iwaite wakubwa wa maji waje wajibu hewani, kwa Kiswahili cha mkulima.

Ng'ambo niliwakuta akina mama chini ya mwembe, redio ndogo ya betri katikati yao.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu mkekani."

Nilimuuliza redio imebadilisha nini. Akafikiri kidogo. "Mtoto wa kike akiharibiwa, zamani wazee walikaa wakalipana, yakaisha. Siku hizi mzazi anaogopa kulipwa. Anajua yatazungumzwa." Wenzake wakaitikia, kisha mmoja akasema bado yapo yanayofichwa, na mabishano yakaanza upya.

Kinachonitia wasiwasi ni fedha. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 54,025 katika wilaya nzima. Muuza dagaa na mwenye duka la rejareja watanunua matangazo mangapi? Redio za jamii nyingi nchini huegemea wafadhili, na mfadhili ana ratiba yake. Umeme haungoji, mnara unataka matengenezo, vijana wa zamu wana familia. Mimi naona halmashauri na taasisi zote zinazopitisha matangazo yao katika redio za namna hii zingeyalipia kama zinavyolipia mafuta ya magari yao. Tangazo la msiba libaki bure.